Daftari la Wiki: Ndama wa Ndutu, Kanu wa Darini na Redio ya Dereva

Februari, uwanda wa Ndutu, kusini mwa Serengeti. Nyumbu jike analala, anainuka, analala tena, na kabla abiria wa gari hawajamaliza kubishana kama kweli anazaa, ndama yuko chini. Mama anamlamba. Ndama anajaribu kusimama, anaanguka kifudifudi, anajaribu tena, na kwa kawaida dakika saba hivi zinamtosha kukaa imara kwa miguu minne na kuanza kutafuta titi. Fisi wako karibu, wamekaa, wanangoja. Lakini majike wengi wa kundi huzaa ndani ya wiki mbili au tatu tu, karibu wote kwa pamoja, na wingi huo ndio kinga ya watoto wao. Fisi akishashiba, ameshiba. Maelfu ya ndama wengine wanapita mbele yake wakikimbia.

Wengi huwajua nyumbu kwa picha za Mto Mara tu: vumbi, mamba na msukumano. Ndutu huonyesha upande wao mwingine, wa unyonyeshaji na wa kuitana. Mama humtambua mwanawe kwa harufu na sauti, naye humkataa mtoto asiye wake. Ndama aliyepotezana na mama yake hufuata chochote kinachosogea, na hata gari humfaa. Dereva anayeijua kazi yake akimwona ndama anajongea kwenye tairi huzima injini na kutulia, kwa kuwa kila mita atakayoendesha itamtenga zaidi mtoto huyo na kundi. Abiria wanaweza kunung'unika kwamba muda unapotea. Waache wanung'unike.

* * *

Kwa nini nyumbu wachague kuzalia Ndutu? Jibu liko ardhini. Milima ya volkano ya nyanda za Ngorongoro, pamoja na Ol Doinyo Lengai ambao mpaka leo uko hai, imemwaga majivu juu ya uwanda huu kwa muda mrefu mno. Chini ya udongo kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi, ndiyo maana jicho linafika mbali bila kizuizi. Nyasi zake ni fupi, lakini zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, na mama anayenyonyesha huvihitaji vyote viwili. Mvua ikikatika, uwanda hukauka haraka na safari ya kwenda magharibi na kaskazini huanza.

Kuna kisa kingine ambacho kingestahili kusimuliwa kwenye kila gari linalopita Lango la Naabi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika milioni 1.3. Hakuna aliyewaleta kwa lori. Kilichotokea ni kwamba sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuteketeza ng'ombe na wanyamapori pamoja, ulitoweka miongoni mwa nyumbu kufikia mwaka 1963. Nao nyumbu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakiishi kuizunguka hifadhi, na virusi vikakosa pa kujificha. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina tena sotoka.

Matokeo yake yamefika mbali. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zililiwa zaidi; nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kuunguza; moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Sehemu ya miti anayoiona mgeni wa leo, ile ambayo chui hujilaza juu yake, imetokana na sindano waliyodungwa ng'ombe. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi mfugaji, daktari wa mifugo na mnyama wa porini wanavyoishi katika hesabu moja, na inasikitisha kwamba wageni wengi huondoka bila kuusikia.

* * *

Usiku, loji. Pale Ndutu Safari Lodge wageni wanapokula chakula cha jioni, kanu huwa wanapita juu ya boriti za paa. Kanu ni mnyama mdogo, mwembamba, mwenye madoa mwilini na pete nyeusi mkiani, na macho yake makubwa hurudisha mwanga wa taa. Anashuka nusu nguzo, ananusa, anatazama chini bila haraka, kisha anarudi gizani. Wageni waliotoka asubuhi kumtafuta simba huacha vijiko mezani na kukodoa macho darini. Porini kanu haonekani ovyo: hutoka usiku, tena peke yake.

Wakati wa kurudi vyumbani, askari wa loji humsindikiza mgeni akiwa na tochi. Wapo wanaodhani ni mbwembwe za hoteli. Sivyo. Katika loji nyingi za ukingo wa kreta ya Ngorongoro nyati hulala kwenye nyasi zilizokatwa, hatua chache kutoka mlangoni, na nyati dume mzee aliyeshtuliwa gizani hana subira. Askari huyo ndiye anayejua mnyama gani amepita saa ngapi na ameelekea wapi. Mgeni anayezungumza Kiswahili ana bahati kubwa hapo, maana kwa swali moja tu la njiani anaweza kupata habari ambazo hakuna kipeperushi kinachozitoa.

Kisha usingizi, kama utakuja. Ngurumo ya simba husikika hadi kilomita nane usiku ukiwa umetulia, na anayelala kwenye hema kwa mara ya kwanza huapa kwamba mnyama yuko chini ya kitanda.

* * *

Mjengo wa loji za Lobo na Seronera, ndani ya Serengeti, ulifuata mawe badala ya kuyavunja. Loji hizo mbili zimejengwa kuzunguka miamba mikubwa, na mwenyeji halisi wa miamba hiyo ni pimbi. Asubuhi, baridi ikiwa bado kali, pimbi hutoka kuota jua kwa sababu mwili wao hauwezi kuhifadhi joto vizuri. Serengeti ina pimbi wa aina mbili, wakubwa kidogo wa mawe na wadogo wa vichakani, na wote hukaa kwenye nyufa zilezile, wakilala wamelundikana. Ni nadra kwa mamalia wa aina tofauti kuishi hivyo. Mmoja hubaki juu ya jiwe akilinda; tai mweusi akitokea, ukelele mmoja tu na uso wote wa mwamba unakuwa mtupu. Tai huyo karibu hali kingine ila pimbi.

Ndugu wa karibu wa pimbi kwa ukoo ni tembo na nguva. Angalia meno yake ya mbele anapopiga miayo, utauona undugu wake na tembo.

* * *

Ngorongoro, saa 12 asubuhi. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake huwashangaza wageni waliokuja na kaptura. Ndiyo maana loji nyingi za huku humwekea mgeni chupa ya mpira yenye maji ya moto chini ya blanketi. Magari huteremkia Seneto na kupandia Lerai; barabara ya upande wa mashariki hutumika kwa kushuka na kupanda. Sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, na kila gari linatakiwa liwe limetoka kufikia saa 12 jioni.

Humo ndimo alimoishi Fausta, faru mweusi jike aliyeonekana na watafiti kwa mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa bado mdogo. Aliishi huru hadi mwaka 2016, macho yake yalipofifia na fisi walipoanza kumjeruhi, ndipo akahifadhiwa kwenye boma. Alikufa tarehe 27 Desemba 2019 akiwa na miaka 57, bila kuacha mtoto. Katika maisha yake majangili waliwamaliza karibu faru wote wa nchi, na yeye akapona. Jina lake lingefaa kujulikana na kila mwanafunzi.

Na fisi, ambaye hadithi zetu zimemnyima heshima, kreta ndiyo iliyomsafisha jina. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku na kugundua kwamba huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Mara nyingi fisi huua usiku, simba huja kuwanyang'anya, na watalii wanaofika asubuhi humwona simba anakula huku fisi wamekaa pembeni, kisha husema fisi anasubiri makombo. Tangu mwaka 1996 mradi wa utafiti wa fisi wa Ngorongoro umekuwa ukiwafuatilia mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Katika jamii yao majike ndio wenye mamlaka, na mtoto hurithi cheo cha mama yake.

Mchana, kwenye eneo la kupumzikia la Ngoitokitok, lanchi boksi hufunguliwa: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, juisi. Mwewe wanazunguka juu. Mgeni anayekula nje akijidai jasiri hupokonywa kuku wake mkononi, na kucha za mwewe zinaweza kuacha damu. Madereva husema mapema: kuleni ndani ya gari. Viboko wa bwawa lile hawajali lolote kati ya hayo.

Jambo moja haliwezi kupitwa kimya. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipoanzishwa mwaka 1959, Wamasai walioondolewa Serengeti waliahidiwa kuishi hapa na mifugo yao. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, wilayani Handeni, na mvutano juu ya uhamisho huo haujaisha. Mgeni anayelipia chumba chenye dirisha linalotazama kreta anatazama pia nyumbani kwa watu.

* * *

Redio za magari ni somo peke yake. Madereva wana majina yao ya kazini: simba anaweza kuitwa sharubu, chui madoadoa ya juu, duma madoadoa ya chini. Lengo ni abiria wasipandishwe matumaini kabla ya wakati. Mtalii wa Kitanzania au wa Kenya huyang'amua haraka, na hapo dereva na abiria wanakuwa na siri moja, jambo linaloichangamsha safari nzima.

Lakini redio hiyohiyo ndiyo inayokusanya magari ishirini mbele ya mnyama mmoja. Anayeumia zaidi ni duma, kwa sababu huwinda mchana. Utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwenye maeneo yenye watalii wengi, mama duma alifanikiwa kulea kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao mpaka wajitegemee; kwenye maeneo yenye watalii wachache, 2.3. Tofauti hiyo ni kubwa mno kufunikwa na maneno ya matangazo. Na Julai 2025, picha za watalii walioshuka kwenye magari huko Kogatende na kusimama kwenye kingo za Mto Mara wakati nyumbu wanataka kuvuka zilienea dunia nzima, hata shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, likalazimika kutoa tamko.

Dereva peke yake hawezi kubeba lawama yote. Bakshishi yake mara nyingi hutegemea chui ameonekana au hakuonekana, na abiria ndiye anayempigia kelele asogee zaidi. Abiria huyo anaweza pia kusema: hapa panatosha, tukae. Kasi inayoruhusiwa Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, kuacha barabara ni marufuku, na mgeni ana haki ya kumkumbusha dereva mambo yote mawili kwa lugha ya adabu.

* * *

Kwa wanaoelekea magharibi mwa Serengeti: acheni nguo nyeusi na za buluu nyumbani. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo sababu vitambaa vya rangi hizohizo vyenye sumu vimetundikwa mitini kuwanasa.

* * *

Mwisho, bei, kwa maana Watanzania wengi bado wanaamini mbuga ni za Wazungu. Kiingilio cha Serengeti kwa raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni wa nje hulipa makumi ya dola. Kinachokula pesa ni gari na malazi. Familia tatu zikichanga kukodi gari moja na kulala kwenye kambi za umma za Seronera, zenye majiko ya kupikia, gharama hushuka sana. Loji nazo zina bei ya wenyeji ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye tovuti. Lazima upige simu na kuiulizia, na ulize hasa ya Aprili na Mei, mvua inapowapunguza wageni. Barabara za udongo mweusi huwa telezi miezi hiyo na gari la magurudumu manne halikwepeki, lakini misururu ya nyumbu hupita Seronera na Moru, na ndama wa Februari sasa wanakimbia na mama zao. Kitambulisho cha taifa (NIDA) kiwe mfukoni: bila uthibitisho wa uraia, getini utatozwa kiwango cha mgeni wa nje.