ABIRIA ASIYEONA SI KIFURUSHI

Ndugu Madereva na Makondakta,

Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kilomita 480 hivi. Mwenye macho hupita akitazama nchi, na akibahatika huona tembo wa Tsavo. Asiyeona huonyeshwa kiti, akaketi, wala hasemezwi na mtu mpaka asikie, "Mzee, shuka!" Pengine kituo chake kimekwisha pitwa zamani. Hivyo ndivyo tunavyochukua vifurushi.

Mimi nasema kumsimulia njia ni kazi yetu, na haili petroli. Kwanza aulizwe kama anataka, maana wako wanaopenda kulala. Akikubali, aambiwe: "Tumepita Makindu, vilima vya Chyulu viko kulia kwetu. Sasa ni Mtito Andei, tumefika karibu nusu ya njia." Tena msimtajie ya macho tu. Mwambieni na yale atakayoyahakikisha mwenyewe: joto linalozidi tukiteremka, lori tunalolipita, upepo wa pwani wenye unyevu tukifika Mazeras, ambako minazi imeanza. Tuta likiwa mbele, aambiwe kabla halijamrusha. Vituo vikibaki viwili, aambiwe viwili.

Na hiyo redio ipunguzwe! Masikio ndiyo yanayomjulisha mwendo, kona na mahali tulipo. Tukiyajaza kelele tumemfunga kitambaa mara ya pili. (Wenye macho nao wengi watashukuru, ila hawasemi.)

Wengine watanijibu kwamba kondakta hana nafasi. Katika njia za mjini ni kweli kabisa, na hapo jina la kila kituo likitajwa kwa sauti latosha. Lakini neno kubwa liko kwa matajiri. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na haki hiyo yataka dakika. Tajiri hudai hesabu yake jioni bila kupungua, hivyo dakika mbili za kumshusha mtu mahali pa salama hutoka mfukoni mwa dereva na kondakta. Ndiyo sababu wengi humshusha popote. Dakika hizo ziandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

Naomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na abiria wasioona waalikwe, waseme wenyewe wanalotaka kuambiwa njiani.