Programu ni ya bure, lakini mlezi wake ni nani?

Wimbo wa taifa la Kenya, huu tunaosimama wima kuuimba, tuni yake ilitoka huku kwetu Tana. Ulikuwa wimbo wa mama wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Walipokezana mama kwa mama, hakuna aliyeufungia sandukuni. Mwaka 1963 taifa likauchukua, likaupa maneno mapya, ukawa wetu sote.

Programu huria nayo huishi hivyohivyo. Wewe wa Golbanti, Ngao au Garsen, leo nakuletea moja ambayo huenda ndiyo inatunza faili ya mtu wa kwenu: OpenMRS.

Kisa kilianzia Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Wagonjwa wa HIV walipozidi, mfumo ule mdogo ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika huko wakaanza kuchora mwingine. Hawakuufanya wa kuuza. Waliungana na wenzao waliokuwa na shida hiyohiyo Rwanda na Afrika Kusini, wakauandika kwa Java, na 2006 ukaanza kazi Eldoret. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha, kuongeza moduli yake. KenyaEMR, inayotumika kwenye mamia ya vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Uganda nao wana UgandaEMR juu ya msingi huohuo.

Sasa sikia shida iko wapi. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na KenyaEMR ilikuwa imebebwa sana na pesa hizo. Msimbo haukuenda popote, hakuna wa kuurudisha Washington. Lakini msimbo haujirekebishi. Mtu ndiye huurekebisha, na mtu lazima ale.

Ndiyo maana nasema tujenge jumuiya yetu hapa, tusibaki watumiaji tu. Wenyewe OpenMRS wana utaratibu: kazi ndogondogo zimetengwa kwa wanaoanza. Ukileta marekebisho, mwenye uzoefu anayasoma na kukuonyesha ulipokosea kabla hayajaingizwa. Waandishi wa msimbo wana ngazi, kuanzia sifuri hadi tano, na unapanda kwa kazi yako. Anayetafsiri, anayeandika maelezo, anayejaribu toleo jipya na kusema "hapa pamekwama", wote wanahesabiwa. Mimi chuo nilikiachia njiani, kwa hivyo hilo la kutoulizwa cheti lilinigusa.

Tena kuna mambo ambayo mtu wa Eldoret hawezi kuyajua kama wewe. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalihamisha watu wengi Tana Delta. Mama aliyekuwa akichukua dawa kituo kimoja akihamia kambini, faili yake itamfuata vipi? Jina lake likiandikwa kwa namna tatu, nani atajua ni yeye? Hayo ni maswali ya programu, na majibu yake yanahitaji mtu anayeujua mto huu.

Najua utaniambia, kaka, kazi ya bure hainunui unga. Kweli kabisa, na bando pia si bure. Kwa hivyo kaunti isijifiche nyuma ya neno "kujitolea". Itenge chumba chenye umeme na intaneti Garsen, iwalipe vijana wachache watunze mfumo ambao zahanati zake zinautegemea. Leseni hailipiwi, basi hiyo pesa ilipe watu.

Lakini sisi tusikae tukingoja kaunti. Tafuta wenzako wawili, kompyuta moja, Jumamosi moja. Chagueni kosa moja dogo, mlirekebishe, mlitume. Mtoto huyu ni wa wote, na mtoto wa wote asipopata mlezi hulala njaa.