Ushauri wa uzito uanzie kwenye sufuria

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.

Ndugu Mkurugenzi,

Wanawake wengi wanaohudhuria kliniki za presha na kisukari huambiwa neno moja: "Mama, punguza uzito." Basi. Mama huyo akifika nyumbani anaacha ugali. Jioni anakunywa maji ya ndimu na tango, na jirani anamletea majani ya kukata tumbo. Wiki mbili za mwanzo anapungua kweli, ila sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Baadaye njaa inamshinda, kwani muda wote huo ndiye anayewapikia mume na watoto wali wa nazi, ndiye anayeonja mchuzi, na makombo ya watoto anayamaliza yeye.

Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi waliongezeka kati ya mwaka 2015-16 na 2022. Hawa wote hawawezi kupikiwa sufuria ya pembeni. Ombi langu ni kwamba ushauri wa kupunguza uzito ulenge sufuria ya nyumba nzima.

Picha ya sahani iliyogawanywa, nusu yake mboga na matunda, inawafaa wanaokula kila mtu na sahani yake. Huku pwani nyumba nyingi bado hula kwenye sinia. Mtu atajuaje amekula kiasi gani, na ataachaje kula mapema bila kuulizwa kama anaumwa? Njia iliyobaki ni kubadili kinachoingia kwenye sinia lenyewe.

Muanze na mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina takribani kalori 120, na majikoni mwetu mafuta humiminwa kutoka kwenye kidumu bila kijiko. Lawama zinakwenda kwa ugali, kumbe maharage yaliyoungwa na chapati ya asubuhi ndivyo vilivyobeba mzigo. Kisha sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikipungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu, vinakaribia gramu 36. Akiongeza soda ya nusu lita, amevuka mbali, na tumbo halijashiba.

Vinavyoshibisha viko sokoni: dona, kunde, choroko, matembele, mchicha, dagaa. Inaniuma kuona dona bado linadharauliwa kama chakula cha shida, na sembe nyeupe ikipewa heshima isiyoistahili. Taasisi yenu ina sauti ya kubadili hilo.

Tena wanawake hawa waambiwe lengo linalofikika. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu tu, presha na sukari yake vinaweza kuanza kuwa nafuu, na nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wengi hudhani wameshindwa kwa sababu hawakurudia umbo la usichana, wakakata tamaa wakati mwili ulikwishaanza kunufaika.

Nawaomba mwandae kijitabu kifupi chenye vipimo vya kijiko, bakuli na upawa, kigawiwe kliniki. Muuguzi amwombe mgonjwa aje na mumewe, au yeyote anayenunua mafuta na sukari ya nyumba, asikie mwenyewe. Mama lishe nao wapewe mafunzo hayo hayo, maana wafanyakazi wengi hula chakula cha mchana kwa mama lishe hao. Maafisa lishe wa halmashauri wanaweza kuanza na kliniki moja na soko moja kila wilaya, wakipima mafuta yanayotumika kwa wiki katika nyumba zitakazokubali, kabla ya mafunzo na miezi mitatu baadaye.

Wako,
Mwananchi, Tanga