Bando la mpakani linaliwa na picha inayotikisika

KARAMBI na Bwera siku hizi biashara haianzii sokoni, inaanzia kwenye simu. Mwenye kakao kule Beni anatuma video ya magunia yake kabla hajakodi gari la kuja Kasindi. Mnunuzi wa vitenge anataka auone mzigo ukifunuliwa. Na waliorejea nyumbani wanataka kuwaona kwa macho ndugu waliobaki Butembo, maana Wakonzo na Wanande mpaka uliwakuta tayari ni watu wamoja. Zote hizo ni video, na kila video inalipiwa.

Ndiyo maana nasema suala la jinsi video inavyobanwa si la wahandisi peke yao. Ni suala la mfuko wa mchuuzi.

Tuanze na hesabu. Chukua video ndogo tu, yenye nukta 640 kwa 360 na picha 25 kwa kila sekunde. Ikitumwa bila kubanwa, dakika moja ingekula zaidi ya megabaiti 500. Ikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 500 kwa sekunde, dakika hiyohiyo inashuka hadi chini ya megabaiti nne. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatokana na mbinu inayoitwa utabiri wa mwendo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mwenye duka mwenye daftari hahesabu duka zima kila jioni. Anaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichohamishwa. Gunia likitoka kona hii kwenda ile, anaandika kwamba limehama, basi. Mara mojamoja ndipo hufunga duka akahesabu kila kitu upya.

Simu nayo hufanya vivyo hivyo. Inatuma picha moja kamili, kisha picha zinazofuata inazikata vipande vidogo vya mraba. Kwa kila kipande inajiuliza: katika picha iliyotangulia kilikuwa wapi? Ikikipata, inatuma maelezo mafupi kwamba kimesogea nukta kadhaa kulia au chini, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki. Ukuta uliosimama hauhitaji karibu chochote.

Mbinu hii si ngeni. Ilikuwamo katika kiwango cha H.261 cha mwaka 1988, kilichowekwa kwa ajili ya simu za picha, kikitumia vipande vya nukta 16 kwa 16. Ilikuwamo pia katika MPEG-1 ya mwaka 1993, iliyobeba zile diski za VCD tulizotazama kwenye vibanda vya video. H.264 ikafuata mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, AV1 mwaka 2018 na H.266 mwaka 2020, kila kizazi kikitabiri vizuri kuliko kilichotangulia.

Lakini utabiri una mipaka, na hapo ndipo sisi wa mpakani tunapoumia. Mtu akipiga video huku anatembea sokoni, mkono unatikisika na umati unapita, kila kipande kinakwenda njia yake. Hapo ni sawa na kuhesabu duka zima kila jioni. Ama faili linakuwa zito, ama picha inakuwa uji. Kahawa inayomiminwa kutoka kwenye gunia ndiyo ngumu zaidi: maelfu ya punje, kila moja na mwendo wake. Mnunuzi aliyeko mjini Kasese akiona ukungu mahali pa punje, anadhani anafichwa kitu, na bei inashuka.

Tena, kwa kuwa picha hutegemea iliyotangulia, kipande kikipotea njiani kosa linarithiwa mpaka ije picha nyingine kamili. Ndiyo sababu mtandao ukiyumba, uso wa mama huganda au huburutika kwenye kioo.

Mfanyabiashara anaweza kujisaidia. Egemeza simu mahali isipotikisika, usogeze mzigo polepole mbele yake. Ubora wa punje au ua la kitenge uonyeshe kwa picha ya kawaida. Video iwe ya kuonyesha wingi. Na ukinunua simu, uliza inasoma viwango gani vya video. Simu isiyosoma kiwango kipya huletewa cha zamani, chenye uzito zaidi kwa ubora uleule.

Hata hivyo mzigo huu si wa mchuuzi peke yake. Julai 2018 serikali ya Uganda ilileta kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Sheria ilisamehe data ya huduma za tiba na elimu. Lakini mimi sioni jinsi mama anayenunua bando la siku kibandani atakavyotenga megabaiti za somo la mtoto na zile za soko.

Kwa hiyo nina ombi kwa ofisi zote zinazotuma matangazo ya video kwa watu wa mpakani. Juni 2019 Ebola ilithibitishwa Kasese, kwa mtoto aliyevuka kutoka Kongo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Siku kama hizo habari inatakiwa imfikie kila mtu, hata mwenye bando la mwisho. Matangazo yasipambwe kwa maandishi yanayorukaruka, picha zinazoyeyukiana na bendera zinazopepea nyuma ya msemaji. Kila pambo linalosogea analilipia mtazamaji. Msemaji asimame mbele ya ukuta, kamera isimame imara, na toleo jepesi litolewe pamoja na lile zito.

Wapo watakaosema tusubiri mtandao wa kasi ufike kila kijiji. Sikubaliani nao. Kasi peke yake haipunguzi bei ya megabaiti, na mara nyingi mtandao ukiwa mpana programu huleta picha kubwa zaidi, bando likaisha mapema zaidi.

Kupunguza uzito wa tangazo hakuhitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Ofisi hizo zinaweza kuanza na tangazo lijalo.