Barabara ya Kukimbilia Tunayo, ya Kulala Je? (Sehemu ya 5)

Sehemu ya 4 niliahidi kuandika kuhusu kulala njiani, na wengi mmeniandikia kabla hata sijaanza. Nusu mnasema "nesi acha uoga, unalala popote tu, unafunga vioo basi." Nusu nyingine mnasema "kulala kwenye gari ni umaskini, songa mpaka ufike." Leo nagombana na pande zote mbili, halafu nagombana na mtu wa tatu ambaye hajaniandikia.

Kwanza tuelewane ninamsema nani. Sisemi watalii wenye hema juu ya Land Cruiser, ingawa nao wanapita kwetu wakielekea Kigoma na Katavi. Namsema mwalimu anayehama kituo na Noah yake, viti vimekunjwa, godoro liko nyuma na watoto wawili juu yake. Namsema mfanyabiashara wa mnada anayelala kwenye kirikuu pamoja na mzigo wa mitumba. Nasema na nyumba yangu. Mume wangu anafuata minada, haisi yetu ina kitanda cha mbao, chandarua na ndoo, na nikiwa likizo nakwenda naye. Hatujaiga Wazungu. Ukiacha mzigo kwenye gari ukaenda kulala gesti isiyo na uzio, asubuhi utakuta gari limebaki peke yake.

Sasa ninyi wa "songa mpaka ufike." Hebu tupige hesabu. Umeamka Dar saa kumi alfajiri, umeondoka saa kumi na mbili. Morogoro, Dodoma, Manyoni, jioni uko Itigi. Hapo una kama kilomita 200 za kufika Tabora, lami nzuri, imenyooka, pori kushoto, pori kulia. Unasema ni saa tatu tu hizi. Ikifika saa tatu usiku utakuwa umekaa macho saa 17 mfululizo. Utafiti umeshafanyika kwa watu wa kweli: aliyekaa macho saa 17 anachelewa kujibu kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Hujagusa bia, lakini mikono na macho yako yamelewa. Na usingizi wa dereva haubishi hodi. Ni sekunde tatu tu kichwa kinadondoka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 80. Umetembea mita 80 kipofu, na mbele kuna lori bovu limewekewa matawi ya mti badala ya pembetatu.

Hawa ndo tunawapokea sisi. Anayeletwa saa tisa usiku hakuna anayemuuliza kama alikuwa mwanaume wa kutosha kuendesha. Tunauliza anaumia wapi, anasikia miguu, nani yuko naye, damu kundi gani. Mara nyingi dereva mwenyewe anasema "sijui ilikuwaje." Ni kweli hajui, alikuwa amelala.

Na ninyi wa "popote tu." Bega la barabara si kitanda. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kutembea usiku, baada ya miaka mingi ya katazo, kwa hiyo barabara ambayo zamani ilitulia ikifika saa nne, siku hizi haitulii. Gari dogo lililozimwa taa pembeni ya lami halionekani mpaka limeshagongwa. Lori linalopishana na basi linatafuta hilo hilo bega ulilolalia.

Halafu kuna sungusungu. Mgeni anayekuja ukanda wetu lazima aelewe hili. Tangu miaka ya 1980 vijiji vya Unyamwezi na Usukuma vinajilinda vyenyewe usiku, na sababu kubwa ilikuwa wizi wa ng'ombe. Sasa wewe umeingia njia ya vumbi saa saba usiku, umezima taa karibu na zizi la mtu, hujamwambia yeyote. Unadhani umepata sehemu tulivu. Kwa wale wazee na vijana wenye filimbi, wewe ni gari la kubebea mifugo ya wizi. Usije kulalamika kwamba watu wa Tabora wabaya. Ungepita kwa mwenyekiti wa kitongoji saa kumi na mbili jioni, ukasalimia, ukasema jina lako na unakokwenda, wale wale sungusungu wangekulinda mpaka asubuhi. Mume wangu kazi hii anaijua, wamewahi kutuletea na kuni.

Hapa ndo nataka niwakumbushe tunakaa juu ya barabara gani. Njia hii ya kutoka pwani Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo, kufika Tabora na kushuka Ujiji, haikuanza na lami. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu, na kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa kazi ya miezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, mwaka 1857, walikuta mji wa watu waliokwishaizoea njia hiyo. Na kipande kile cha pori kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako leo unapita Itigi ukiwa na AC, kiliitwa Mgunda Mkali. Maji machache, kichaka kimefungamana. Walikiogopa.

Sasa angalia walivyokipita. Kirangozi hakusema "songa mpaka ufike." Msafara uliondoka alfajiri na kutua kambi kabla jua halijawa kali. Kambi zilijulikana: hapa kuna maji, hapa kuna kijiji kinachouza mtama, hapa kuna boma la miiba na vibanda vya nyasi walivyoviacha waliotangulia, na wewe ukitoka utamwachia anayekuja. Pale ambapo maji yalikuwa mbali walikuwa na neno lao, terekeza: unaondoka mchana, unatembea mpaka jioni, unalala bila maji, kesho asubuhi unayafikia. Hata kulala vibaya kulipangwa. Na njia ikiwa na hatari waliizunguka. Mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia ya Ujiji, Stanley alizunguka kusini, akafika kwa siku nyingi zaidi, lakini akafika.

Mtu asinielewe vibaya. Sisifii biashara ile. Katika njia hiyo hiyo walipita watu wamefungwa shingoni, pembe za ndovu mabegani, na kwenye hizo kambi wapo waliolala wasiamke. Nasema kitu kimoja tu: watu wasio na lami, wasio na taa, wasio na simu, walijua kwamba mahali pa kulala ni sehemu ya barabara. Sisi tumejenga lami kutoka Manyoni mpaka Tabora, Tabora mpaka Mpanda, tumepiga picha, tumekata utepe, na hakuna aliyeuliza mtu atalala wapi.

Na huyu ndo mtu wangu wa tatu. Mpangaji wa barabara. Ukijenga daraja unahesabu uzito wa lori. Ukijenga kalavati unahesabu maji ya masika. Mwili wa dereva nao una kipimo chake, kwa nini hauhesabiwi? Mabasi ya safari ndefu tumeyadai madereva wawili, vizuri sana. Je, mwenye Noah? Mwenye kirikuu? Wenzetu wa Ulaya dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na sheria hiyo inatekelezeka kwa sababu pa kusimama papo. Sisi tunamwambia mtu "usiendeshe ukichoka" kwenye pori lisilo na hata choo. Huo si ushauri, ni kujitoa lawama.

Mnasema hakuna hela. Sijaomba hoteli. Naomba uwanja wa changarawe nje ya lami, uliotenganishwa na njia ya malori kurudi nyuma, taa ya sola mbili, choo cha matundu manne, tangi la maji, na mlinzi anayetoka kijiji hicho hicho. Itigi, Chaya, Nyahua. Sikonge na Ipole kwa wanaokwenda Mpanda. Urambo na Kaliua kwa wanaokwenda Kigoma. Wanakijiji wauze ugali, asali na karanga. Halmashauri ikusanye ushuru mdogo kwa risiti.

Nimesikia wanaosema "kwa nini tulipe kulala kwenye gari letu wenyewe." Mnajua wazee walilipa? Ugogo ilikuwa lazima, nguo, shanga, waya wa shaba, na iliitwa hongo. Siku hizi neno limechafuka, hongo ni rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita na kunywa maji ya wenyewe. Tofauti ya ushuru na rushwa ni karatasi. Mlinzi wa kituo cha mafuta anayenichukulia elfu tano gizani halafu saa nane usiku anagonga kioo kunifukuza kwa sababu bosi amepiga simu (yametukuta, kituo sikitaji), huyo hanipi usalama. Ningelipa hiyo elfu tano mara mbili kwa mwenye daftari.

Sasa mpaka hayo yajengwe, na kesho kuna mtu anasafiri. Ninavyofanya mimi ni hivi.

Naamua pa kulala asubuhi, siyo usiku. Saa kumi na moja jioni niwe nimefika, jua likiwepo, kwa sababu mahali pabaya panaonekana mchana tu. Sehemu ya kwanza kuulizia ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, ya pili ni uwanja wa kanisa au msikiti kwa ruhusa ya wenyewe, ya tatu gesti yenye uzio na geti, unalipa chumba hata kama utalala kwenye gari. Kituo cha mafuta ni cha mwisho. Kina taa na watu, lakini malori yanarudi nyuma usiku kucha na tanboi wa kuyaongoza amelala. Ukilazimika, kaa ukutani, mbali na pampu, gari limeangalia nje. Na usipike hapo, jamani, hata chai.

Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili, usiingie mbugani. Ule udongo mweusi jioni ni mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha usiku asubuhi gari limezama mpaka tumboni. Tafuta mwinuko wenye mchanga. Miembe ya Tabora ina kivuli kizuri, lakini msimu wa maembe popo hawalali na bati la gari litakuamsha kila dakika.

Ukielekea Mpanda, kati ya Ipole na Koga, usisimame kulala porini. Hilo ni eneo la wanyama, na mchana mbung'o wanalifuata gari kama ng'ombe. Wanapenda kitu kinachotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa nguo za rangi ya khaki, mikono mirefu, funga vioo. Mbung'o ndiye anayebeba malale. Ukiumwa, halafu baada ya wiki kadhaa ukaanza homa zisizoisha, mweleze daktari kwamba ulipita huko. Usimwachie apime malaria peke yake. Chandarua ndani ya gari ni lazima, mkoa wetu ni wa malaria, na kioo kilichofunguliwa inchi mbili kinatosha mbu mia.

Lakini hizo inchi mbili usizifunge! Weka neti kwenye kioo, kiache wazi. Hili nalisema kama nesi na naomba ulisome mara mbili. Juni na Julai usiku Tabora ni baridi, na watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya gari, au wanaacha injini inaunguruma ili wapate joto. Ile hewa ya mkaa haina harufu, haina rangi. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unaanza na kichwa, kichefuchefu, halafu usingizi mtamu. Watoto ndo wanaondoka kwanza. Ukikuta watu wamelala hivyo, fungua milango yote, watoe nje kwenye hewa, halafu ndo upige simu. Blanketi la pili ni bei rahisi.

Wale mnaokaa vikao vya halmashauri, Sikonge, Uyui, Itigi, Kaliua, bajeti zenu zinaanza kuandikwa mwanzoni mwa mwaka. Uwanja wa changarawe na choo cha matundu manne viwekwe kwenye karatasi kabla hawajafunga. Sehemu ya 6 nitaandika vijiji vinne ambavyo viongozi wake wametukubalia kulala, kwa majina ya vijiji, siyo ya watu, na bei walizotuomba.