Mazungumzo ya Nyumbani: Viti vya Ngozi Vilivyochakaa



Mwezi huu tumeletewa barua na kijana mmoja ambaye jina lake tumeliweka amana. Asema kwamba baba yao amefariki, na katika alivyowaachia ni motokaa ndogo ya Kijapani yenye viti vya ngozi nyeusi. Kwa motokaa hiyo mama yao hupelekwa hospitali kila wiki, na wadogo zake hupelekwa skuli. Kiti cha dereva kimechakaa: ngozi imepauka, imefanya nyufa, na mahali pamoja imepasuka kiasi cha kupenya kidole. Fundi mmoja amemwambia kwamba hapana dawa ila kuvua viti vyote na kuvivika upya, na bei aliyoitaja yakaribia ada ya skuli ya mdogo wake ya mwaka mzima. Basi atuuliza: je, kazi hii yaweza kufanywa nyumbani, au akope?

Jawabu letu ni kwamba asikope. Sehemu kubwa ya kazi hii humalizwa na mtu mwenye subira kwa siku mbili au tatu, kwa vitu vichache vya kununua. Walakini iko sehemu moja ambayo haifai kabisa kuguswa nyumbani, nayo tutaieleza mahali pake. Na kabla ya yote, motokaa hiyo ni mali ya warithi wote. Ikiwa mirathi haijagawanywa, na amshauri mama yake na ndugu zake kwanza, ndipo ashike brashi.

Kosa letu wenyewe

Hatuzungumzi juu ya jambo hili kama watu wasiopata kukosea. Miaka kadha iliyopita, ilipokaribia Idi, tulionea haya kiti cha motokaa yetu iliyozeeka. Tukachukua mafuta ya nazi tukakipaka, kisha tukakipaka dawa ya viatu nyeusi, tukakisugua mpaka kikang'ara. Jioni ile tulijisifu kwa watoto. Ijumaa iliyofuata tulimchukua mzee mmoja, aliyetutangulia kwa umri na kwa elimu, kumpeleka msikitini. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyotoka kupigwa pasi. Aliposhuka tukaona mgongo wake wote, toka mabegani mpaka magotini, umekuwa mweusi kama aliyeegemea chungu. Hakutusema hata neno moja. Alirudi kwake kubadili nguo, na hotuba ikampita. Tulimtaka radhi akatusamehe, lakini mpaka leo tukiona mkebe wa dawa ya viatu twaikumbuka kanzu ile.

Basi tujue kwa nini mambo yalikuwa vile. Ngozi ya viti vya motokaa aghlabu ni ngozi ya ng'ombe iliyodibaghiwa. Zamani ngozi zilidibaghiwa kwa magome ya miti, na magome ya mikoko ya pwani yetu hii yalisafirishwa kwenda viwanda vya ng'ambo kwa kazi hiyo. Baadaye ikazuka njia ya kudibaghi kwa chumvi za madini ya kromu. Augustus Schultz aliipatia hati ya ugunduzi huko Marekani mwaka 1884, na mpaka leo ngozi nyingi duniani hutengenezwa kwa njia ya kromu. (Wako wanaotuuliza juu ya utohara. Katika madhhebu ya Imam Shafi ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe.) Baada ya kudibaghiwa, ngozi ya motokaa hupakwa rangi nzito, na juu ya rangi hupakwa utando mwembamba usio na rangi wa kuilinda. Kwa hiyo tunachokishika kwa mkono si ngozi yenyewe, bali ni ule utando. Mafuta ya nazi hayapenyi utando ulio mzima: hubaki juu yakanata vumbi. Na penye nyufa huingia ndani, yakakusanya uchafu, na baadaye yakaizuia rangi mpya isishike. Dawa ya viatu nayo haikutengenezwa kukaliwa, ndiyo maana huhamia nguoni.

Kukitambua kiti

Kwanza yapasa kujua kama kiti ni cha ngozi ya kweli. Magari mengi huwa na ngozi pale tu mwili unapogusa, na ubavuni na nyuma huwekwa ngozi ya bandia. Tazama mahali palipopasuka, upande wa ndani. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zilizoshikamana bila ya mpango, kama sufi. Ya bandia ina kitambaa kilichofumwa. Ikiwa ya bandia imeanza kubanduka magamba magamba, usipoteze fedha kwa kuipaka rangi, maana magamba mengine yatafuata. Hiyo dawa yake ni kuvishwa upya kile kipande tu.

Kisha tia tone la maji mahali pa siri. Likikaa juu kama umande, ngozi ina utando, na maelezo yetu yaifaa. Likinywewa mara moja na pakawa peusi, basi ama utando umekwisha pale, ama ngozi ile haikupakwa utando tangu mwanzo. Ukiona viti vizima vyanywa maji hata mahali pasipokaliwa, mpelekee fundi anayejua.

Sehemu isiyoguswa

Hapa twaomba vijana wasome mara mbili. Motokaa nyingi za siku hizi zina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, upande wa mlango, ambao hufura kwa ghafula motokaa igongwapo. Aghlabu huwa na kibandiko au kijitambaa kilichoandikwa "AIRBAG". Mshono wa mahali pale umeshonwa kwa namna ya makusudi ili upasuke mfuko unapofura. Ukiutia gundi, au ukiushona kwa uzi mgumu, au ukiufunika kwa kiraka, huenda mfuko usitoke ipasavyo siku ya haja. Basi ikiwa mpasuko uko kwenye mshono wa ubavu wa mgongo wa kiti chenye mfuko huo, acha. Kazi hiyo ni ya fundi aliyejifunza, na fedha yake ni halali yake. Kadhalika usirowanishe kiti kwa maji mengi, maana chini yake huwa na nyaya za umeme.

Kusafisha

Nusu ya yale tuyaitayo uchakavu ni uchafu. Jasho, mafuta ya nywele na vumbi huganda juu ya ngozi mpaka ikang'ara vibaya na kuwa ngumu. Fyonza au pangusa vumbi lote, khasa katika mishono. Kisha chukua sabuni maalumu ya ngozi, itie juu ya brashi laini, sugua polepole mpaka ifanye povu, na ulipanguse povu kwa kitambaa kisafi chenye unyevu kidogo kabla halijakauka. Fanya kipande baada ya kipande. Utastaajabu kuona rangi ya maji ya kitambaa.

Usitumie sabuni ya unga, wala magadi, wala dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ngozi iliyodibaghiwa ina asili ya ukali kidogo kama wa ndimu, na vitu hivyo ni kinyume chake. Huikausha, na kuiharibu rangi yake.

Baada ya kukauka, tazama tena. Ikiwa kiti kimerudi hali njema, ishia hapo na umshukuru Mungu. Si kila kiti chataka rangi.

Kuziba nyufa na matundu

Ikiwa nyufa zimebaki, pangusa mahali pale kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo, ili kuondoa masalio ya mafuta. Fungua milango yote, na usiwe na moto karibu. Kisha piga msasa laini, namba 400 au 600, kwa mkono mwepesi, mpaka kingo za nyufa zilale. Pangusa unga wake.

Penye tundu, kata kipande cha kitambaa cha turubali kilicho kikubwa kuliko tundu kwa upana wa kidole kila upande. Kiingize ndani chini ya ngozi na ukinyoshe kwa kibano au njiti. Tia gundi ya ngozi inayobaki laini baada ya kukauka, si ile igandayo kama kioo, kisha ukandamize mpaka ishike. Juu yake tandaza fila ya ngozi kwa kadi laini ya plastiki, tabaka nyembamba sana. Ngoja ikauke, utandaze nyingine, mpaka palingane na penginepo. Ndipo upige msasa tena. Mwenye haraka hutia tabaka moja nene, nayo hupasuka mara tu mtu akaliapo.

Mshono uliofumuka mahali pasipo na mfuko wa hewa hauzibwi kwa fila. Hushonwa kwa sindano iliyopinda, uzi ukipitishwa katika matundu yale yale ya zamani.

Kutia rangi

Nunua rangi maalumu ya ngozi, ile ya maji. Chupa ya mililita 250 aghlabu hutosha kiti kimoja na kusaza. Kuchagua rangi, usitazame palipopauka, bali tazama chini ya kiegemezo cha kichwa, ambapo jua halifiki, na baada ya kusafisha. Ijaribu mahali pa siri, uiache ikauke, ndipo uamue, maana rangi mbichi na rangi kavu si moja.

Tia rangi kidogo juu ya sponji na uipake kwa kugongagonga, si kwa kuburura. Tabaka ya kwanza itaonekana haifai kitu, usiogope. Ngoja ikauke, upake ya pili, ya tatu, hata ya tano ikihitajiwa. Tabaka nyembamba nyingi ni bora kuliko moja nene. Mwisho paka ule utando wa kulinda, usio na rangi, mara mbili au tatu, na chagua usiong'ara ili ufanane na viti vingine. Huo ndio unaoiokoa kanzu ya mgeni. Mtu asikalie kiti kwa muda wa siku nzima, na siku chache za mwanzo kiti kisiloweshwe. Chupa nyingi huandikwa muda wake. Yafuateni maandishi hayo kuliko maneno yetu.

Kukitunza

Adui mkubwa wa ngozi katika pwani yetu ni jua. Motokaa iliyofungwa juani, viti vyake vyaweza kupata moto wa kupita nyuzi 60, na ngozi hukauka kidogo kidogo kila siku. Egesheni kivulini, na pasipokuwa na kivuli wekeni pazia la kioo cha mbele. Pangusa viti kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki, na visafishwe kwa sabuni yake kila miezi mitatu hivi. Mwenye hina mbichi mikononi, au mafuta mengi kichwani, atandikiwe kitambaa. Na dereva asiburure mwili kwenye ubavu wa kiti apandapo na ashukapo. Pale ndipo viti vingi huanzia kufa.

Neno la mwisho

Yako mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiti kilichotengenezwa vizuri huweza kumdanganya mnunuzi. Ikiwa siku moja warithi wataamua kuiuza motokaa, yawapasa wamwambie mnunuzi: hapa palipasuka tukapaziba. Kuficha aibu ya kitu kinachouzwa ni haramu, hata kama fila imekaa vizuri namna gani. Fedha itakayopungua kwa ukweli huo haihesabiwi kuwa ni khasara.

La pili twamwambia kijana wetu aliyetuandikia. Mdogo wako asitolewe skuli kwa ajili ya kiti. Tazama kwanza mpasuko uko wapi. Ukiwa kwenye mshono wa mfuko wa hewa, mpe fundi pahala hapo peke yake, na uvue kofia kuomba bei ya kipande kimoja, si ya viti vyote. Ukiwa kwenye makalio, anza Alkhamisi jioni kwa kusafisha, Ijumaa baada ya sala uzibe, Jumamosi upake rangi, na Jumapili ukiache kikauke. Mwite na huyo mdogo wako ashike sponji. Atajifunza kazi, na atajua kwamba ada yake imesalimika kwa mikono yake mwenyewe. Na Jumatatu, kabla ya mama kupanda, sugua kiti kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kisafi, mfungulie mlango.

Wabillahi tawfiq.