Bata Ana Namba, Mpishi Hana Kibali

Ndugu wafanyakazi, mjini Paris, kando ya mto Seine, iko hoteli ya kula iitwayo La Tour d'Argent. Tangu 1890 kila bata anayepikwa pale ana namba yake, na mlaji hupewa kadi yenye namba hiyo. Mwaka 2003 walifikia bata milioni moja. Hatumwonei bata wivu!

Lakini katika mji huohuo, Aprili 2008, wapishi na waosha vyombo wa hoteli mbalimbali, wengi Waafrika, waligoma wakiungwa mkono na chama cha CGT. Walikatwa kodi na michango, vibali vya kukaa hawana. Mamia walivipata kwa mgomo, si kwa huruma ya tajiri.

Na kibarua wetu wa chai, anayekatwa mchango bila barua ya ajira, ana namba gani?